Vidonge vya Kinga

"Mwanangu, sisi tumekusamehe."

Justa alikuwa amepiga goti kumkaribisha chai mama mkwe wake mtarajiwa. Kikombe kikabaki hewani. Kusamehewa ni jambo jema, hakuna anayelikataa, lakini kwa kawaida mtu hukosa kwanza. Alijipekua harakaharaka tangu siku ile ya mwezi uliopita alipoteremka bondeni Ilemba, kwao mchumba wake, kwenda kutambulishwa. Alisalimia vizuri. Alisonga ugali. Aliosha vyombo vyote mpaka masufuria ya nje ambayo hayakuwa yake kuosha. Kosa liko wapi?

"Asante, mama," alisema, maana mtu mzima akikusamehe huwezi kumdai risiti. "Ila sijajua mmenisamehe nini."

Mama Bundala alimtazama shangazi Otilia kama anayeomba msaada. Alikuwa ametoka bondeni kwa Land Rover ya alfajiri, akapandishwa milima ya Lyamba lya Mfipa katikati ya magunia ya mpunga, na baridi ya Sumbawanga ikamkuta na khanga mbili tu. Sasa alijifunika blanketi la shangazi Otilia mabegani. Juu ya meza kulikuwa na kitenge kipya alichomletea Justa. Na kwenye kiti cha karibu na mlango alikaa mwanawe, Bundala, bwana mifugo, mrefu kama mlingoti, ambaye tangu aingie humo ndani alikuwa anakagua kucha zake kana kwamba ndiyo kwanza zimeota.

"Aa, yale yamekwisha," mama Bundala alisema. "Mambo ya kike hayo. Bundala ameshatuahidi kwa niaba yako. Amesema utaviacha."

"Nitaacha nini, mama?"

"Vidonge."

"Vidonge gani tena?" shangazi Otilia aliingilia. Yeye ndiye aliyemlea Justa tangu baba yake afariki, na hakupenda kusikia habari za nyumba yake kutoka nyumba nyingine.

Mama Bundala alishusha sauti. "Si vile vya majira, vya kupanga uzazi."

Kikombe kilitua mezani kwa kishindo, chai ikamwagikia kitambaa cha kufuma cha shangazi Otilia. Hakuna aliyekifuta.

Justa alikumbuka. Alikumbuka kila kitu, neno kwa neno, na kadiri alivyokumbuka ndivyo masikio yalivyomchoma. Siku ile kule Ilemba alikuwa jikoni na Rhoda, dada yake Bundala. Rhoda aliona chupa kwenye mkoba wake, chupa imejaa vidonge vidogo vyeupe, laini, kila kimoja ukubwa wa punje ya ulezi.

"Vidonge vya nini hivyo, wifi?" Rhoda aliuliza.

"Vya kinga," Justa alijibu, huku anapuliza moto. "Nimevitengeneza mwenyewe."

"Mwenyewe! Vinafanya kazi?"

"Vizuri sana. Kimoja tu, miezi minne huna wasiwasi."

"Na kaka Bundala anajua?"

"Anajua kila kitu. Yeye ndiye aliyenisaidia kuvijaribu."

Rhoda alinyamaza kabisa baada ya hapo. Justa alidhani moshi umemzidi, na alipoondoka akaiacha ile chupa jikoni, zawadi ya mama mkwe. Wala hakutaja kuku, kwa sababu kuku walikuwa wamejaa pale jikoni wanadonoa miguu yao, na alifikiri Bundala alishawaeleza ndugu zake kazi anayofanya mchumba wake. Mtu unaposifiwa uchumba, unafikiri na kazi yako inasifiwa.

"Bundala," aliita sasa.

Bundala aliinua macho mara moja, yakakutana na ya Justa, yakarudi kwenye kucha.

"Tutaongea baadaye," alisema.

"Na mimi mwanangu unisamehe," mama Bundala aliendelea, hajui amekalia nini. "Nimekuja mikono mitupu. Nilitaka kukuletea mitetea wawili na jogoo, lakini kuku wangu wamekwisha. Kideri. Wiki mbili hizi zilizopita, asubuhi unakuta watano, jioni saba, wanakufa wanazungusha shingo. Hakuna aliyebaki. Na ile chupa yako usiiulize. Rhoda aliitupa chooni, tuliona aibu watu wasije wakaiona."

Justa aliinuka polepole.

"Bundala, njoo huku nyuma."

"Justa, mama yuko hapa..."

"Nimesema njoo."

* * *

Chumba cha nyuma kilikuwa stoo ya mahindi ya shangazi Otilia kabla Justa hajarudi. Alisoma Morogoro, kisha akapelekwa Uholanzi miaka miwili, na wenzake wakitarajia atarudi na gari alirudi na kipande cha kioo kisichozidi kiberiti kwa ukubwa. Ndani ya kioo hicho mlichimbwa mifereji mitatu myembamba iliyokutana kwenye njia panda. Mfereji wa katikati ulipitisha uji mwembamba wa unga wa mwani uliochanganywa na chanjo ya kideri. Mifereji ya pembeni ilipitisha mafuta ya alizeti. Pale kwenye njia panda mafuta yaliubana uji kutoka kulia na kushoto, ukakatika tone, tone, tone, yakaenda kudondokea kwenye bakuli la maji ya kalsiamu na kuganda papo hapo. Hakuwa na mashine ya kusukuma, na umeme wa mji ule haukuwa wa kuaminiwa. Alitundika chupa za dripu ukutani kwa misumari. Akipandisha dripu ya mafuta, vidonge vilipungua ukubwa, akiishusha, vilinenepa. Akiiacha itulie, vyote vilitoka sawasawa.

Alimpendea Bundala hapo, mbele ya dripu hizo. Mwaka jana alikuja kuuliza kama kweli kuna binti wa mtaa wa Katandala anayetengeneza chanjo ya kumeza, na akasimama saa nzima ameshika chupa juu bila kutikisika kwa sababu msumari ulikuwa umeng'oka. Mkono ulimuuma lakini hakuishusha. "Sema tu ukitosheka," alimwambia, na walitazamana kupitia mrija wa plastiki kama wajinga wawili. Tangu siku ile Justa hakuhitaji kuambiwa tena kwamba anapendwa.

Mkono ule ule leo ulikuwa umefichwa mfukoni.

"Uliwaambia nini?" Justa aliuliza mlango ulipofungwa.

"Punguza sauti basi."

"Nimekuuliza uliwaambia nini!"

"Sikuwaambia kitu. Nilifika nyumbani nikakuta kikao kimeshakaa. Baba mdogo, mama, shangazi zangu wote wawili. Baba mdogo akasema, huyu binti anameza vidonge, tena anavipika mwenyewe. Ng'ombe wetu wa mahari watapanda Ufipa na mjukuu hatumwoni. Wakasema posa ivunjwe."

"Na wewe ukasema?"

"Nikasema utaviacha."

"Nitaacha vidonge."

"Ndiyo."

"Vidonge vipi? Vya majira ambavyo sivipiki, au hivi hapa ambavyo ndiyo kazi yangu?"

"Neno ni moja, Justa. Wao walifikiri vile, mimi nikafikiri... sikufikiri. Nikaona kama neno moja linaweza kuleta amani, kwa nini niharibu? Wangetulia. Tungeoana. Wewe ungeendelea na kazi yako huku juu, nani angejua?"

Justa alicheka kicheko kibaya, hata yeye mwenyewe hakukijua.

"Kwa hiyo mimi niolewe nikiwa nimesamehewa. Kila nikiteremka Ilemba wanitazame tumbo. Nikichelewa kushika mimba mwezi mmoja, waseme amerudia vidonge vyake. Na wewe umekaa pembeni unakula karanga. Hiyo ndiyo amani yako?"

"Ungetaka nifanye nini? Nisimame mbele ya mama yangu mzazi nianze kumweleza habari za majira? Kwetu mtu hafanyi hivyo. Mama yangu sijawahi hata kumsikia akitamka neno mimba!"

"Nani alikuambia utamke majira? Ulitakiwa utamke neno moja tu. Kuku! Kuku, Bundala! Neno la aibu hilo? Wewe bwana mifugo mzima, unashika mkia wa ng'ombe mbele ya kijiji kizima na huoni haya, neno kuku linakukwama kooni?"

Bundala alitazama dripu ukutani.

"Siku ile niliona haya," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Kesho yake nikasema nitawaambia. Keshokutwa nikasema nitawaambia. Halafu kuku wakaanza kufa. Ningeanzaje tena hapo? Niseme dawa ilikuwa ndani ya nyumba, na nilijua, na imeshatupwa chooni?"

"Walikufa wangapi?"

"Arobaini na moja."

"Uliwahesabu."

"Niliwazika mimi."

Hapo Justa akamwonea huruma, na huruma hiyo ikamkasirisha kuliko kosa lenyewe. Moyo ni mnyama asiye na adabu. Mtu amekuuza kwa ndugu zake kwa bei ya ukimya, nawe bado unaona macho yamemwingia ndani, unataka kumwuliza kama amekula. Aligeuka akatazama bakuli ili asimtazame yeye.

"Sikiliza. Mama yako yuko sebuleni. Nenda ukamwambie."

"Leo?"

"Sasa hivi. Maneno yote. Usimwachie shangazi, usiniachie mimi."

"Justa, nipe mpaka Jumapili. Nimwambie Rhoda kwanza, Rhoda amwandae mama..."

"Rhoda!" Sauti ilimtoka Justa ikafika barabarani. "Rhoda ndiye atakayenioa? Basi mlete Rhoda anipose!"

Mlango ulifunguliwa. Shangazi Otilia alisimama pale mikono kiunoni, na nyuma yake mama Bundala, blanketi likiburuta sakafuni.

"Mnapigana?" shangazi Otilia aliuliza.

Mama Bundala alikuwa ameshapita, anatazama dripu ukutani, mirija, kioo, bakuli. Akainama. Ndani ya maji vidonge vilikuwa vinashuka kimoja kimoja na kulala chini pamoja na wenzake.

"Ndivyo vyenyewe?" aliuliza.

"Ndivyo, mama."

"Mbona vimelingana hivi? Hata ulezi haulingani."

"Vinatakiwa vilingane. Kimoja kikiwa kikubwa na kingine kidogo, mmoja anapata kinga ya wawili na mwenzake hapati kitu."

"Mmoja nani?"

Justa alimtazama Bundala. Alimpa nafasi. Akahesabu matone kumi yakidondoka, na Bundala akatazama sakafu.

"Kuku, mama," Justa alisema. "Hii ni chanjo ya kideri. Unachanganya na pumba, kuku mmoja kidonge kimoja. Maduka ya dawa za mifugo siku hizi yako kila kona, lakini ile chanjo inakaa juani mpaka inakufa ndani ya chupa. Hivi vinaitunza. Nilikuletea wewe. Vilikuwa mia nne."

Mama Bundala alichukua kijiko kilichokuwa pembeni, akachota vidonge vitatu, akaviweka kiganjani, akavigeuzageuza kwa kidole.

"Mia nne," alirudia. "Kwa hiyo na kuku wa jirani wangepona."

"Wangepona wengi."

"Na huyu alikuwa anajua?"

Justa alitazama bakuli.

"Wewe!" Mama Bundala aligeuka kwa mwanawe. "Wewe uliniona nalia juu ya jogoo wangu, ukachukua jembe ukazika, ukanawa mikono ukala! Bwana mifugo! Serikali inakulipa kwa lipi?"

"Mayu..."

"Usiniite! Umetufanya tumtukane mtoto wa watu. Baba yako mdogo amelisema jambo hili mpaka kijiji cha Muze. Mpaka mnadani wamelisikia!"

Alikuwa ameshavua kandambili. Kama si shangazi Otilia kumdaka mkono, ingekuwa imeshatua. Bundala hakukwepa wala kujikinga. Alisimama tu, kichwa chini kama mtoto wa shule.

Mama Bundala alivaa kandambili yake. Alihema. Kisha akamshika Justa mikono yote miwili.

"Basi mwanangu, sisi ndio wa kusamehewa. Nitateremka nitawaambia wote." Akasita. Jicho lake lilimshuka Justa kuanzia usoni mpaka kiunoni, likarudi. "Ila mimi ni mama. Nitoe wasiwasi tu, tufunge jambo hili. Vile vingine... hujawahi kumeza?"

Jibu lilikuwa jepesi. Silabi tatu tu, na mambo yangekwisha, kitenge kingevaliwa, chai ingechemshwa upya. Shangazi Otilia alikuwa anamtikisia kichwa kwa nyuma: sema hapana, sema upesi. Justa alifungua mdomo kuitoa ile hapana, na akajikuta hasira iliyokuwa inatembea tangu sebuleni imefika mahali pake na kukaa. Akijibu leo, atajibu kila mwezi. Atajibu kwa Rhoda, kwa shangazi wawili, kwa baba mdogo ambaye hata jina lake halijui vizuri.

"Hilo, mama, kwa heshima zote," alisema, "sitalijibu."

"Justa!" shangazi Otilia alishtuka.

"Kwa hiyo ni kweli?" mama Bundala aliuliza.

"Sijasema ni kweli. Nimesema sitalijibu."

Mama Bundala aliiachia mikono yake. Uso uliokuwa umelegea ulikaza tena, na blanketi likavutwa mabegani. "Mimi nimekuuliza swali moja tu. Moja. Nimepanda mlima na baridi hii, nimekubali makosa yetu mbele yako, na wewe huwezi kunijibu swali moja. Dada Otilia, nisamehe, lakini mkwe wa namna hii nitamweleza nani kule nyumbani? Bora tukachukue kile kitenge, tuondoke kwa heri."

Justa alihisi machozi yanakuja, akayazuia kwa meno. Kumbe angempoteza Bundala hivi, mchana kweupe, bakuli likiwa limejaa. Hata hivyo hakurudisha neno lake.

"Mayu, hilo usimwulize."

Wote watatu waligeuka. Bundala alikuwa ametoa mikono mfukoni.

"Unasemaje?" mama yake aliuliza.

"Nasema hilo usimwulize. Wala baba mdogo asimwulize, wala Rhoda." Sauti ilikuwa inatetemeka, lakini iliendelea kuja. "Watoto tutawapata lini na wangapi, hilo ni la Justa na mimi. Kama atameza vidonge vya majira au hatameza, ni letu. Nimelitamka, mayu. Unisamehe, nimelitamka mbele yako. Na kwenye kikao kile nilisema uongo. Nilijua ni vya kuku nikanyamaza. Kesho nateremka na wewe, nitawakusanya wote wale wale, na nitayasema yote mawili, la kuku na la majira. Ukitaka kuivunja posa, ivunje. Lakini wakikuuliza, sema umeivunja kwa sababu yangu mimi. Si kwa sababu yake."

Jasho lilimchuruzika kwenye paji la uso, katika baridi ile ya Julai iliyowafanya watu wa Sumbawanga watembee na makoti mchana. Hakulifuta. Alikuwa anamtazama Justa, na safari hii macho hayakukimbilia kwenye kucha. Justa aliyaona macho aliyoyaona mwaka jana kupitia mrija, akashika ukingo wa meza.

Mama Bundala alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kama anayempima ng'ombe aliyedhani anamfahamu.

"Kumbe mdomo unao," alisema.

Kisha akamgeukia shangazi Otilia. Hasira ilikuwa bado haijamtoka yote, lakini kitu kingine kilikuwa kimeingia pembeni yake.

"Dada, miezi yote hii sisi ndio tuliokuwa tunamposea. Yeye alikuwa anabebwa kama mzigo. Leo ndiyo ameposa."

Shangazi Otilia alijifuta jicho kwa pembe ya khanga. Alikuwa mwepesi wa kulia, na mwepesi zaidi wa kufunga mambo yaliyokaribia kufungika. Akajikohoza, akasimama wima kama inavyompasa mwenye binti.

"Basi na sisi kwa upande wetu, mama Bundala, tunasema kwamba Justa..."

"Shangazi," Justa alisema.

Shangazi Otilia akafunga mdomo.

Justa alimwendea Bundala mpaka akasimama mbele yake, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Alitamani kumpiga. Alitamani kuegemeza paji lake kwenye kifua kile na kulia mpaka jioni. Hakufanya hata moja.

"Nimesikia umeposa," alimwambia. "Nenda Ilemba kwanza. Ukirudi, uje mlango wa mbele, peke yako, uniulize mimi."

Bundala aliitikia kwa kichwa. Mama yake alitazama huku, akatazama kule, akataka kusema neno, akaliacha. Na kwa mara ya kwanza tangu posa ile ianze, hakuna mtu aliyemjibia Justa.